Utomvu Juu ya Mali ya Umma

Nianze na kukiri, maana wenzangu wote waliokuwemo ukiwauliza leo wataruka kimanga. Mimi ndiye niliyeleta utomvu. Wazo la kukalia vitabu lilikuwa la Mkuu wa shule, na wazo la kuzipaka kadi za herufi maji ya kahawa lilitoka kwa mwalimu wa taaluma, mtu mzima mwenye mvi zake na heshima zake. Lakini utomvu ni wangu. Nilikwenda kwa miguu yangu hadi migombani nyuma ya jiko la shule, nikakata bua la jani, nikakinga kwenye kifuniko cha chupa ya maji, nikarudi ofisini nimekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba dawa ya mgonjwa.

Sasa utaniuliza watu wazima tulifikaje huko. Tulia nikueleze.

Mimi ni mtoto wa Miembeni, mjini Bukoba. Ukoo wa baba ulipanda huku kutoka pwani zamani sana, na baba alikuwa fundi cherehani. Mama ni Mhaya wa hapa hapa, anauza dagaa sokoni mpaka leo. Dada yangu alinitangulia kusomea ualimu, kwa utaratibu ule wa zamani. Ukifika wakati wa mazoezi ya kufundisha unajitafutia chumba huko ulikopangiwa, unajinunulia godoro, unakula ulichobeba, na baada ya wiki chache unarudi chuoni umefundisha kidogo na umekonda sana. Ili dada amalize, mama aliuza cherehani ya marehemu baba. Zamu yangu ilipofika hakunizungusha. Alinitazama akasema, "Mwanangu, cherehani ilikuwa moja."

Bahati yangu, serikali ilikuwa inajaribu jambo jipya. Badala ya wiki chache za kukonda, mwalimu tarajali anapelekwa shule moja mwaka mzima, anaishi pale pale, na kila siku anaingia darasani na mwalimu mzoefu ambaye ndiye mlezi wake. Serikali inampa posho ya kujikimu, mlezi naye anapewa chochote kwa kazi ya ulezi, na shule inaletewa sanduku la vifaa vya kufundishia. Mwaka ukienda vizuri, mlezi anasaini na unahesabiwa. Mlezi akikataa kusaini, au shule ikifutwa kwenye mpango, mwaka wote umekwenda na maji. Unaanza upya kwa mfuko wako mwenyewe, na mfuko wangu ulikuwa cherehani ambayo haipo. Hilo nililibeba kichwani kila siku, hata nilipokuwa nacheka, na mimi nacheka sana.

Nikapangiwa shule ya msingi wilayani Muleba, bodaboda kidogo kutoka Kamachumu, katikati ya vibanja vya migomba na kahawa. Darasa la Pili, watoto tisini na ushee. Na nikapangiwa mlezi.

Mlezi wangu alikuwa mwanamke aliyebakiza miaka miwili kustaafu, mfupi, mkavu, mkatoliki wa kusali kila asubuhi, na hakuna jambo duniani lililomharakisha. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," nikamwonyesha barua yangu ya serikali yenye muhuri. Akaisoma yote, hadi anwani. Kisha akanionyesha dawati la mwisho kabisa, karibu na ukuta.

"Kaa pale."

"Kwa leo, Mwalimu?"

"Kwa sasa."

Kwa sasa ikawa wiki tatu. Nilikaa magoti yamefika kidevuni, katikati ya watoto wawili walionong'ona Kihaya juu ya kichwa changu wakidhani Mswahili wa mjini hasikii. Nilisikia kila kitu. Walikuwa wanajadili kama nimerudishwa darasa la pili kwa sababu nilifeli.

Kijiji nacho hakikuniacha. Mtu akilima kibanja chake, akaniona napita na mkoba, anaegemea jembe na kuniuliza, "Mwalimu, ni kweli serikali inakulipa ukae nyuma na watoto?" Nami nilikuwa najibu kwa adabu ya Kihaya, "Ni kweli, waitu, na jana wamenipandisha cheo, nimekaa dirishani." Wakacheka, nikacheka. Lakini siku moja mlezi wangu aliyasikia maneno hayo kwenye mkutano wa wazazi, akasimama.

"Daktari akimaliza chuo," alisema, "anapewa mwaka mzima hospitalini wa kushikwa mkono na wakubwa zake, na serikali inamlipa. Mmewahi kucheka? Sasa huyu atashika vichwa vya watoto wenu miaka thelathini na zaidi. Mnataka aanze kujifunzia kwa nani?"

Mimi nyuma nikajikuta nimekaa wima. Kesho yake nikamfuata nikidhani sasa tumekuwa marafiki, akaniambia dawati langu ni lile lile.

Alinikabidhi darasa kijiko kwa kijiko. Kwanza daftari la mahudhurio, halafu chaki, halafu dakika kumi za kwanza, halafu somo zima yeye akiwa amekaa kwenye dawati langu na magoti yake kidevuni. Kitu kimoja tu hakunipa, nacho ni sindano yake. Ilikuwa sindano ndefu ya kusukia vikapu, ya chuma, imesuguliwa kwa miaka mingi hadi inang'aa, na aliichomeka kwenye kilemba chake kama wengine wanavyochomeka kalamu sikioni. Sindano hiyo ndiyo iliyofundisha kuandika Darasa la Pili. Subiri, nitakwambia namna gani, lakini kwanza sanduku.

Sanduku la serikali lilifika mwezi wangu wa pili, kwenye gari la halmashauri. Tranka la bati la buluu, zito, watu wanne. Watoto walipangwa mistari wakaliimbia. Ndani, kwa mujibu wa orodha, mlikuwa na vitabu vikubwa vya hadithi vyenye picha, kadi za herufi, saa ya mbao yenye mishale ya kuzungusha, shanga za kuhesabia, penseli, na vibao vidogo vya kuandikia kimoja kwa kila mtoto. Vyote vya kusoma, kuandika na kuhesabu. Nilisimama pale nameza mate.

Mkuu wetu alikuwa mtu wa kutoka nchi ya pamba, kusiko na migomba, mpole, mwoga wa karatasi. Akasaini mahali saba. Gari lilipoondoka aliliangalia lile tranka kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. "Hii ni mali ya umma," alisema. "Kikipotea hata kijiti kimoja, atakayelala ndani ni mimi." Akatia kufuli, tranka likaingia stoo, na juu yake yakapangwa magunia ya mahindi ya uji.

Usimcheke sana. Nyumbani kwetu mama ana kabati la vioo lenye vikombe vya maua, vimefunikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, na sisi tumekua tukinywea chai kwenye vikombe vya plastiki tukivitazama. Vile ni vya wageni. Na mgeni akija, mama anasita kidogo mbele ya kabati akimpima kama kweli ni mgeni wa kiwango hicho. Nadhani nyumba nyingi Bukoba mpaka Muleba zina kabati hilo. Shule yetu nayo ikawa na lake.

Nilimwomba Mkuu mara tatu. Mara ya kwanza alisema vitachafuka. Mara ya pili alisema tusubiri maelekezo. Mara ya tatu aliniuliza kama kwetu Miembeni vitu vipya vinachezewa. Nikaenda kumlalamikia mlezi wangu, kwa hasira kweli kweli, kwamba serikali imetoa, gari limeleta, na sisi tunafundisha mikono mitupu. Akachomoa sindano kilembani.

"Nani amekwambia ni mitupu?"

Hivi ndivyo alivyofanya. Watoto wanatoka nje, kila mmoja anarudi na kipande cha jani bichi la mgomba na mwiba wa mlimau. Wa kwake yeye ni ile sindano. Unalikwaruza jani kwa ncha, taratibu, bila kulitoboa. Ukimaliza kuandika huoni kitu. Ni jani tu la kijani, lenye mikwaruzo isiyosomeka. Unasubiri. Utomvu ukishapigwa na hewa unaanza kuwa kahawia, halafu unakuwa mweusi, na herufi zinajitokeza zenyewe mbele ya macho yako. Watoto tisini wanakaa kimya wanasubiri maneno yao yatokee. Mimi sijawahi kuona darasa kubwa namna ile likinyamaza bila fimbo.

"Kwenye daftari," aliniambia, "mtoto anaandika neno moja, anakutazama usoni kama amepatia. Kwenye jani hana pa kukimbilia. Anabaki na alichoandika."

Na alikuwa na sheria moja tu ya kuandika: andika ulichokiona kwa macho yako. Hakuna kunakili ubaoni, hakuna "Juma ana mpira" wakati hakuna Juma wala mpira. Watoto waliandika kwamba mbuzi wao amezaa, kwamba bibi amelewa rubisi, kwamba Mswahili amepiga chafya mara sita. Sheria hiyo nikaichukua nikaifanya yangu. Muhula wa pili ulipoanza, mimi ndiye niliyekuwa nasimama mbele na kuuliza, "Tunaandika nini?" nao wanajibu kwa sauti ya kubomoa paa, "Tulichokiona kwa macho yetu!" Nilijisikia mwalimu. Sindano lakini bado sikupewa. Nilijaribu kuichomoa siku moja alipoinama kufunga viatu, akanipiga kofi la mkono bila kugeuka.

Basi, Jumatano moja simu ya Mkuu ikaita. Akasikiliza akiwa amesimama, akakata, akakaa. Ijumaa wanakuja watu wa tathmini. Na kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa shule ilikuwa imetumwa fomu yenyewe. Akaisoma kwa sauti, na swali la nne lilikuwa hili: je, vifaa vilivyoletwa vinaonyesha dalili za kutumika? Chini yake, kwa herufi nzito: shule isiyotumia vifaa itaondolewa kwenye mpango.

Shule ikiondolewa, mwaka wangu umeondoka nao. Nikamwona mama mbele ya mahali palipokuwa na cherehani.

Alhamisi mchana, watoto wakiwa mapumziko ya uji, tuliondoa magunia, tukalivuta tranka hadi ofisini, tukafungua kufuli. Harufu ya upya ikatupiga usoni. Kila kitu kilikuwa ndani ya nailoni yake. Hata kamba hazijafunguliwa. Tulisimama pale, mimi, Mkuu na mwalimu wa taaluma, mpaka Mkuu alipokohoa.

"Vinatakiwa vionekane vimetumika," alisema. "Haikuandikwa vimetumika lini."

Wallahi, nilimpenda kwa dakika ile.

Tukaanza kwa aibu, tukaishia kwa furaha. Mkuu alichukua kitabu kikubwa cha hadithi, akakiweka kwenye kiti, akakikalia, akawa anajisugua kulia na kushoto huku amekunja uso kama anafikiria bajeti. Mwalimu wa taaluma alikoroga kahawa akawa anachovya kadi za herufi moja moja na kuzianika dirishani. Mimi nikaburuza shanga sakafuni, nikang'ata ncha za penseli ili zionekane zimeliwa na watoto, na nikaipaka saa ya mbao matope kwenye ukingo, mahali ambapo vidole vingeshika. Nina kipaji, sitaki kujisifu. Lakini matope yanafutika, na mimi nilitaka kitu kisichofutika. Ndipo nilipoukumbuka utomvu. Kila mtoto wa Bukoba ana gauni moja lililoharibiwa na utomvu, na mama aliyeapa kumuua kwa ajili yake. Nikaenda migombani, nikaleta, nikachovya kidole, nikaweka alama za vidole kwenye kurasa, hapa moja, pale mbili, kwa ustadi.

"Mbona hakionekani kitu?" Mkuu aliuliza.

"Subiri, Mkuu. Kesho kitaonekana."

Mlango ukafunguka. Alikuwa mlezi wangu. Aliangalia kiti, akaangalia dirisha lenye kadi, akaangalia kifuniko mkononi mwangu.

"Mnafanya nini?"

"Tunaboresha, Mwalimu," alisema Mkuu, bado amekalia kitabu.

"Watoto wako dirishani," alisema yeye.

Tukageuka. Dirisha lile la nyuma, ambalo hakuna aliyelikumbuka, lilikuwa limejaa nyuso kutoka chini hadi juu, vikombe vya uji mikononi, macho makubwa. Sijui walikuwa pale tangu lini. Mkuu alipiga makofi, wakatawanyika kama kuku. Mlezi wangu hakumsemesha Mkuu tena. Alinitazama mimi.

"Na wewe?" alisema, akaondoka.

Hilo "na wewe" lilinikaa. Nilitamani kumkimbilia nimweleze habari ya cherehani, lakini alikuwa anaijua, nilimsimulia siku nyingi. Nikabaki nimeshika utomvu wangu.

Ijumaa asubuhi Mkuu alinipokea getini, uso umempauka. "Njoo uone," alisema. Mtu huyu wa nchi ya pamba hakuniamini kwamba utomvu huchelewa. Jana jioni, baada ya sisi kuondoka, alikwenda kuangalia, akaona kurasa bado nyeupe, akadhani dawa haikutosha. Akakata bua zima. Akapaka. Akasubiri kidogo, hakuona kitu, akapaka tena. Sasa vifaa vya serikali vilikuwa na madoa meusi kama chui, kurasa zimegandana, na saa ya mbao ilionekana imefukuliwa ardhini. Tulitaka vionekane vimetumika miezi sita. Vilionekana vimetumika na mababu.

Nilicheka. Astaghfirullahi, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, mwaka wangu unaungua na mimi nacheka. Kisha gari likaingia.

Alishuka mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, faili kwapani. Alikuwa na adabu na alikuwa na haraka. Akaonyeshwa sanduku. Akashika kitabu, akajaribu kukifungua, kikagoma. Akashika saa, akanusa.

"Vimetumika hivi," alisema.

"Sana, mheshimiwa," alisema Mkuu.

"Naona." Akaiangalia tena saa. "Basi twende nayo darasani. Nataka kuwaona watoto wakiitumia."

Tukaingia Darasa la Pili. Watoto wakasimama, wakaamkia, wakakaa. Mlezi wangu alikuwa amekaa kwenye lile dawati la mwisho, mikono imekunjwa. Yule mama akasimama mbele, akainua saa ya mbao juu, akazungusha mshale.

Watoto tisini na ushee walisema, "Uuuuu!"

Wakapanda juu ya madawati. Waliokuwa nyuma wakaja mbele. Kila mtu alitaka kukiona hicho kitu cha ajabu kinachozunguka, na waliokifikia walikuwa wanakigusa kwa kidole kimoja na kurudi nyuma. Yule mama alivaa miwani yake taratibu. Hakuhitaji kuuliza lolote, lakini aliuliza.

"Mwalimu tarajali, watoto hawa wamejifunza kwa kutumia nini mwaka huu?"

Nikageuka nyuma. Mlezi wangu aliinuka, akapita katikati ya madawati, akachomoa sindano kilembani na kuniwekea mkononi. Ilikuwa na joto la kichwa chake.

"Fundisha," alisema.

Nikawatoa watoto nje, wakarudi na majani na miiba. Sikuwa na wakati wa kubuni somo, nikafanya lile tulilofanya kila siku. "Tunaandika nini?" Paa likabomoka: "Tulichokiona kwa macho yetu!" Wakainama. Nami nikaandika ubaoni tarehe tu, nikazunguka na sindano kuwaonyesha walioshika mwiba vibaya. Yule mama alipita nyuma yangu dawati kwa dawati, akitazama, na kila jani lilikuwa kijani tupu. Nikamwona anaandika kitu kwenye fomu yake. Nikasoma kichwa chini miguu juu. Aliandika: hawawezi kuandika.

"Subiri kidogo, waitu," alisema mlezi wangu kutoka nyuma.

Mgeni akasubiri. Darasa likanyamaza vile ninavyokwambia linanyamaza. Kisha kwenye dawati la kwanza herufi zikaanza kupanda, kahawia, halafu nyeusi, na yule mama akainama, kalamu imesimama hewani. Uso wake ulibadilika kabisa. Akaliinua jani la kwanza akasoma kwa sauti, pole pole:

"Mkuu alikalia kitabu."

Akaweka chini, akachukua la pili. "Mwalimu alichovya kadi kwenye kahawa." La tatu. "Sanduku lilikuwa chini ya mahindi." La nne. "Jana Mkuu alirudi peke yake akapaka tena." La tano lilikuwa refu, limeandikwa mpaka pembeni mwa jani. "Mwalimu wetu mdogo alileta utomvu. Alikuwa anacheka."

Akaendelea. Hakuruka hata moja katika safu ile ya mbele. Nukta ziko mahali pake, herufi kubwa ziko mahali pake. Miezi yote ile niliota siku mgeni atakapokuja aone wanavyoandika, na sasa walikuwa wanaandika vizuri kuliko nilivyoota, na kila sentensi ilikuwa inanizika. Mkuu alitoa leso. Mimi sikuwa na leso, nilikuwa na sindano.

Yule mama akaketi kwenye dawati la mtoto, akavua miwani. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka machozi, na watoto, ambao hawakujua kinachochekesha, wakacheka naye. Lakini alipomaliza alimaliza kabisa. Ofisini alisema maneno machache. Sanduku lihamie Darasa la Pili leo hii, na kufuli ataondoka nalo yeye mwenyewe. Kwa watoto wanaoandika vile, hataiondoa shule kwenye mpango. Kisha akanigeukia.

"Wewe unajifunza kazi kwa fedha ya wananchi, na wananchi wenyewe wengi hawakupata nafasi hiyo. Umewafundisha watoto kusema kweli, hilo nimeliona. Na jana umedanganya mbele yao, hilo wameliona wao. Mimi nimekaa nawe asubuhi moja. Mlezi wako amekaa nawe tangu Januari." Akamsukumia mlezi wangu fomu yangu. "Ukisaini, mwaka wake unaendelea kuhesabiwa. Usiposaini, arudi nyumbani. Nitaisubiri fomu Jumatatu mjini."

Mlezi wangu aliikunja fomu, akaitia kwenye mkoba wake.

"Nitafikiri," alisema.

Unamjua mtu ambaye hakuna linalomharakisha? Nilifunga nguo zangu zote, si za wikiendi tu kwa mama. Nilimwomba radhi, nikasema mengi, nikataja cherehani tena, nikaona aibu kwa kuitaja. Alikuwa uani kwake anamenya ndizi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kisu.

"Bodaboda wako amefika," alisema.

Nilipopanda, akaja na kipande cha jani changa la mgomba, amekikunja mara mbili. Akanipa. Nikakikunjua pale pale. Kijani tupu.

"Mwalimu, umeandika nini?"

"Nenda, mwana wange," alisema. Tangu Januari hakuwahi kuniita hivyo, na sikujua kama ananipokea au ananizika.

Tukateremka na vumbi, mkono mmoja nimeshika mkoba, mwingine jani, na macho hayakuwa barabarani hata mara moja. Kwanza ikatokea mikwaruzo kama ya kuku. Aliandika kwa mwiba, na ndipo nilipokumbuka kwa nini: sindano yake ilikuwa bado kwangu, nimeichomeka kwenye ushungi. Tukavuka kijito. Herufi N ikaanza kupata rangi, halafu ikapotea kwenye kivuli cha migomba, halafu nikaiona tena. Nikamwambia dereva apunguze mwendo, akauliza kama ninaumwa. Tulipofika lami alisimama, nikashuka, nikalishika jani kwenye jua kwa mikono miwili. Maandishi yalikuwa yamekwenda upande, meusi ti.

Nimesaini. Jumatatu uwaombe watoto radhi. Rudisha sindano.

"Jani la nini hilo, Mwalimu?" dereva aliuliza.

"Cheti," nilimwambia.

Nikampigia mama sokoni. Nikamwambia safari hii hatuuzi kitu. Akauliza tulikuwa tunataka kuuza nini, nikasema nitamweleza nikifika. Halafu nikakaa juu ya mkoba wangu kando ya lami, nikisubiri gari la kwenda Bukoba, na kuanza kutunga, kwa sentensi fupi zenye nukta mahali pake, namna ya kuwaomba radhi watoto tisini na ushee.